HARVEST MOON NA STARDEW VALLEY: Nani mkulima wa kweli? Binamu yangu wa Ziba kaninunia siku tisa!

Mpenzi msomaji, wiki hii nakuomba uvue viatu maana tunaingia shambani. Najua umezoea kunikuta hapa nikichambua nani kaachwa na nani, na suruali gani inavaliwa na kiatu gani. Leo nina kesi nyingine. Ni kesi kati yangu na binamu yangu, mtoto wa mjomba, yeye akiwa Ziba kule wilayani Igunga, mkoa wa Tabora, na mimi nikiwa hapa Dar nabanana na kodi ya nyumba. Aprili 2025 tulinuniana siku tisa nzima. Simu hapigi, salamu hajibu, hata zile picha za asubuhi zenye maua na chai hazikuja. Na chanzo ni gemu. Gemu za kulima!

Cheka kwanza, halafu tuendelee.

Gemu zenyewe ni mbili na zinafanana kama mapacha waliolelewa nyumba tofauti. Mkubwa ni Harvest Moon, na hapa nazungumzia lile toleo la PlayStation ya kwanza liitwalo Back to Nature, lililotoka Japani mwaka 1999. Mdogo ni Stardew Valley ya mwaka 2016. Ndani yake hakuna risasi za kumfyatulia jirani, hakuna mpira, hakuna gari la kukimbiza. Unaamka saa kumi na mbili asubuhi, unakatua ardhi, unapanda, unamwagilia, unalisha kuku, unasalimia watu wa kijijini na kuwapelekea zawadi, jioni unalala. Kesho yake tena hivyo hivyo. Ukimweleza mtu aliyekulia kijijini kwamba kuna watu mjini wanalipa pesa kufanya hayo kwa kidole, atakuuliza kama una homa.

Mimi Harvest Moon nilikutana nayo Tabora mjini miaka ya mwanzo ya 2000, kwenye kibanda kimoja cha gemu chenye runinga mbili na feni moja isiyozunguka. Ulikuwa unalipia kwa nusu saa. Vijana wote walikuwa wanapigania Tekken na Winning Eleven, halafu mimi naingia na nusu saa yangu naomba niwekewe sidii ya kumwagilia matango. Bwana we! Nilizomewa mpaka nikapewa jina la Bwana Shamba, na jina hilo nikaenda nalo hadi sekondari. Lakini nilikuwa ninarudi. Nilidunduliza nikanunua memori kadi yangu mwenyewe, naitembeza mfukoni kama kitambulisho.

Kisa chake ni hiki. Kijana anarudi kwenye shamba la babu yake aliyefariki, shamba limekuwa pori, na meya wa kijiji anamwambia: una miaka mitatu. Miaka mitatu ikiisha, wanakijiji wakiridhika nawe unabaki, wasiporidhika unafungasha. Basi. Kila mwaka una misimu minne ya siku thelathini thelathini, kwa hiyo ni siku 360 za kuthibitisha kwamba wewe si mzururaji. Mimi kwa nusu saa zangu za kulipia, nakula mihogo badala ya chakula cha mchana, nilifika mwaka wa pili. Nikawa namchumbia Elli, yule muuguzi wa zahanati. Nikampa zawadi, nikamngojea mlangoni, nikajua anachopenda na asichopenda. Halafu siku moja nakuta memori kadi yangu niliyoisahau kibandani imefutwa, mtu kaweka timu yake ya mpira. Nililia, nakiri. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilimlilia mchumba wa kuchora.

Tuiache hiyo.

Huyo aliyebuni Harvest Moon anaitwa Yasuhiro Wada, Mjapani aliyekulia mashambani mkoa wa Miyazaki, kusini kabisa kwenye kisiwa cha Kyushu. Akiwa kijana aliuona ushamba huo kama kifungo, akakimbilia Tokyo. Tokyo ikampa kazi na pia ikampa kiu ya kijijini. Gemu ya kwanza ya mfululizo huo ilitoka Agosti 1996, wakati wenzake wote wa kazi hiyo wanashindana kutengeneza mapigano. Hebu fikiria: mtu wa mjini aliyekimbia jembe anakaa ofisini anatengeneza jembe. Wangapi hapa Dar wamefanana naye? Wako Sinza, wako Mbagala, wamebandika ukutani picha ya ng'ombe wa nyumbani na hawajatia mguu kwao tangu msiba wa mwisho.

Jina nalo lina kasheshe yake. Huko Japani mfululizo huo una jina lake jingine la Kijapani. Harvest Moon ni jina la wasambazaji wa Marekani, kampuni ya Natsume. Mwaka 2014 wenye mali walipohamishia tafsiri kwa kampuni yao nyingine, jina likabaki kwa Natsume, na gemu halisi ikabidi iitwe Story of Seasons. Kwa hiyo leo ukinunua kitu kipya kilichoandikwa Harvest Moon, si mtoto wa mzee Wada. Wamegawana kama wanandoa walioachana, mmoja kachukua nyumba, mwingine kachukua jina.

Stardew Valley ni hadithi ya mtu mmoja, na hapa dada zangu sikilizeni kwa makini. Eric Barone wa Seattle, Marekani, alimaliza chuo mwaka 2011 na shahada ya kompyuta, kazi hana. Akaanza kutengeneza gemu ya kujifunzia, kwa sababu aliipenda mno Back to Nature na aliona matoleo yaliyofuata yamepoteza ladha. Alidhani itamchukua miezi. Ilimchukua zaidi ya miaka minne. Alichora kila kitu mwenyewe, akatunga muziki mwenyewe, akaandika maneno ya kila mwanakijiji mwenyewe. Jioni alikuwa na kibarua cha kuwaonyesha watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho, na mchumba wake alikuwa akifanya kazi za kushikilia nyumba. Miaka minne! Mchumba gani wa siku hizi angevumilia miaka minne ya bwana anayechora karoti usiku? Gemu ilitoka Februari 2016, na kufikia Desemba 2024 nakala zake zilizouzwa zilikuwa zimefika milioni 41. Ingekuwa mimi ningemnunulia huyo binti mtaa mzima.

Ya Barone inaanza hivi: wewe ni karani katika kampuni kubwa, umekaa kwenye kiti, macho yamekufa. Kwenye droo una bahasha uliyopewa na babu yako kitandani kabla hajafa, akakuambia usiifungue mpaka siku utakayoona maisha ya mjini yamekuelemea. Unaifungua. Ndani kuna hati ya shamba. Unapanda basi.

Nilipoiona sehemu hiyo kwenye simu, mwaka 2019 ilipoletwa kwenye simu za Android, nilikuwa kwenye daladala la Gongo la Mboto limesimama dakika arobaini. Nikasema huyu Mmarekani kanichungulia.

Sasa twende Ziba.

Wengi wenu Igunga mliisikia wakati wa ule uchaguzi mdogo wa Oktoba 2011, helikopta juu na vumbi chini, kisha mkaisahau. Ziba iko wilaya hiyo hiyo, jirani na Nkinga kwenye hospitali ya wamisionari. Ni nchi ya pamba, mpunga, mtama, dengu, alizeti, viazi vitamu na ng'ombe wengi kuliko magari. Mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Novemba mpaka Aprili, ukiukosa umeukosa. Siku hizi unachukua treni ya umeme hadi Dodoma, kisha basi la Singida, unateremka milima ya Sekenke na kuivuka mbuga ya Wembere, ukifika Igunga unatafuta gari ndogo ya kukubana na magunia.

Na watu wa huko kusafiri na kurudi kulima si jambo lao la leo. Karne ya 19 Wanyamwezi ndio waliobeba misafara kati ya Tabora na Bagamoyo, pembe za ndovu mabegani, mwendo wa miezi. Vijana walikwenda pwani kuona dunia, lakini mvua zilipokaribia wengi walitaka kuwa nyumbani, na wazungu waliokuwa na haraka zao waliandika kwa hasira kwamba wapagazi hawapatikani wakati wa kilimo. Burton na Speke walifika Tabora, wakati huo ikiitwa Kaze, Novemba 1857, mwezi wenyewe wa kukatua. Bila shaka waliona watu wana shughuli zao. Jembe la chuma lenyewe lilikuwa mali kubwa, likiuzwa sokoni na kutolewa mahari.

Nimelitaja jembe makusudi. Katika gemu zote mbili unaanza na jembe duni, unachimba madini, unampelekea mhunzi analiboresha. Katika Stardew linapanda kutoka shaba, chuma, dhahabu, hadi madini ya ajabu ya rangi ya zambarau. Nilipomwonyesha binamu alisema, "Bina, hilo la zambarau linapatikana duka gani Nzega?"

Babu yetu alifariki mwaka 2022. Yeye hakuacha bahasha. Aliacha eka saba, plau, maksai wawili, mgogoro wa mpaka na jirani, na deni dukani. Mjomba, ambaye ni baba yake binamu, ana biashara zake Nzega na hakutaka kusikia habari ya shamba. Akaja mtu na ofa ya kununua. Agosti 2023 ukaitishwa kikao cha ukoo, mimi nikaenda ingawa kwa upande wa mama sina sauti sana pale, nilikwenda kama shahidi na mla wali. Binamu, wakati huo ana miaka ishirini na minne, akasimama mbele ya wazee akaomba shamba apewe yeye alilime. Wazee wakanong'ona. Mwishowe mkubwa wao akatamka: apewe misimu mitatu. Ikiisha mitatu wataangalia. Kama nyumba haina chakula na deni halijalipwa, shamba litauzwa.

Binamu akanigeukia na macho yamemtoka, nami nikajua anawaza nini. Meya! Mimi mwenyewe ndiye niliyemwekea Back to Nature kwenye simu yake, miaka kadhaa nyuma. Pale pale nje ya kikao nikamwahidi kwamba mimi nitakuwa naye bega kwa bega, kila msimu nitatuma za mbegu na za dawa. Nilimpa mkono, bibi akiwa shahidi.

Kuanzia hapo ikawa kila usiku tunabishana. Yeye Harvest Moon, mimi Stardew. Yeye anacheza akiwa kwenye mkeka nje, simu inachajiwa na sola, mimi nacheza kitandani feni ikinipuliza. Na nikwambie, nilikuwa namwona kama shabiki wa timu ya zamani, anayeshikilia kwa ukaidi tu. Nilikosea.

Chukua suala la mifugo. Katika Stardew ukisahau kumlisha ng'ombe, ananuna. Anakuwa na huzuni, hatoi maziwa, ukimpapasa siku mbili tatu mnapatana. Katika Back to Nature anaugua, na ukizidisha uzembe anakufa kweli, umemzika. Kuku ukiwaacha nje usiku mbwa mwitu wanawashambulia. Binamu alisema gemu ambayo ng'ombe hafi kwa njaa imetungwa na mtu aliyemzoea ng'ombe wa kwenye boksi la maziwa. Mimi nikamjibu kwamba watu wanatoka kazini wamechoka, hawataki kufiwa tena usiku. Hoja zote mbili zina kichwa na miguu.

Ndege ndio balaa. Stardew ina kunguru: wakiona mazao mengi hayana ulinzi wanashuka wanakula mmea mmoja mmoja. Dawa yake ni sanamu moja ya kutishia ndege, unaisimika katikati, imekwisha. Sanamu moja! Ningependa kumwona Barone akisimika hiyo sanamu yake mbele ya kwelea kwelea wa Igunga, kundi linalofunika jua, likitua kwenye mtama asubuhi, mchana umebaki na mabua.

Lakini Stardew hiyo hiyo ina kitu kimoja ambacho kilimnyamazisha binamu. Tangu toleo la mwishoni mwa 2019 ina mpunga, na mpunga wake ukiupanda karibu na maji hauhitaji kumwagiliwa na unakomaa haraka kuliko wa nchi kavu. Alipouona ule mche karibu na bwawa akakaa kimya, kisha akasema huyu jamaa angalau alimuuliza mtu. Babu yetu alitumia maisha yake yote kuchonga majaruba ili maji yakae pale pale.

Harvest Moon nayo ina viazi vitamu, msimu wa vuli. Stardew haina, ina viazi vikuu. Mtu wa Tabora asiyekuta kiazi kitamu anajiona mgeni, na mimi mwenyewe nilihisi pengo. Michembe na matobolwa ndiyo yaliyotusomesha.

Hoja iliyoniua kabisa ni ya saa. Nilikuwa ninajigamba kwamba Harvest Moon yake ndiyo kali, ina kikomo cha miaka mitatu, ina vifo, lakini Stardew ina utamu. Binamu akacheka. Akasema hapana bina, yangu ina udanganyifu mkubwa kuliko wako. Hujaona? Katika Back to Nature ukiingia ndani ya nyumba saa inasimama. Unaweza kukaa dukani kwa Elli wako na zahanati yake mpaka uchoke, ukitoka nje ni saa ile ile. "Kwetu huku," akasema, "ukiingia ndani jua linaendelea kuunguza." Katika Stardew saa haikusubiri uingie wapi. Siku nzima ni kama dakika kumi na nne tu, ukiwa ndani inakwenda, ukiwa mgodini inakwenda, ikifika saa nane usiku hujalala unaanguka chini kama mlevi na pesa unapunguzwa. Kwa saa, alisema, Mmarekani kasema kweli. Kwa kifo cha ng'ombe, Mjapani kasema kweli.

Nimecheza gemu hizi zaidi ya miaka ishirini ukizijumlisha, na hilo la saa sikuwahi kulifikiria.

Basi tukaja kwenye mapenzi, maana najua ndicho mlichokuwa mnangoja. Back to Nature ina mabinti watano: Ann wa hotelini, Karen wa dukani, Popuri wa kuku, Mary wa maktaba na Elli wangu. Ukitaka kuposa unapeleka unyoya wa bluu. Kila binti ana kijana mwingine anayemmezea mate, na wewe ukizubaa anaolewa. Unaalikwa tu unasikia kengele. Elli anachukuliwa na daktari wake, na naomba msinicheke, bado inaniuma. Stardew ina wachumba kumi na wawili, wanaume sita na wanawake sita, unaweza kuwa msichana au mvulana, unachagua umtakaye. Unatoa shada la maua, baadaye kidani. Na hata ukikaa miaka kumi hujaamua, wote wanakungoja. Hawazeeki, hawaolewi, wako pale pale uwanjani.

Hapa mimi niko na Mjapani asilimia mia. Kaka zangu mnaomweka dada wa watu foleni mwaka wa nne sasa, mnadhani mnaishi Stardew. Kuhusu unyoya wa bluu sisemi kitu. Mwenye ubavu apeleke unyoya kwa baba mkwe Ziba badala ya ng'ombe, halafu atuandikie barua kama mkono utakuwa bado unafanya kazi.

Msimu wa kwanza, 2023/24, ulikuwa wa mvua za El Niño. Maji yalijaa. Mpunga ulifurahi, lakini eka mbili za pamba alizopanda bondeni zilisimama kwenye maji zikageuka njano, zikafa. Hapo nilikuwa nimetuma pesa yangu yote kama nilivyoahidi, sina aibu. Akavuna mpunga, akalipa nusu ya deni la dukani, bibi akala. Wazee wakakohoa tu.

Msimu wa pili ndio wa aibu yangu. Aprili 2025 mpunga umeanza kutia maziwa, kwelea kwelea wameonekana upande wa mbuga. Binamu akanitumia ujumbe: anataka pesa ya kulipa vijana wanne wa kuamia ndege wiki mbili. Haikuwa pesa ya kutisha. Nikamjibu nimechacha, mwezi huu mbaya, ngoja tarehe ishirini na tano. Na kweli nilikuwa nimechacha, kwa sababu nilikuwa nimenunua simu mpya. Jioni ile ile, kichwa changu sijui kilikuwa wapi, nikamrekodia sauti ndefu nikilalamika kwamba mazao yangu ya Stardew yamekufa yote kwa sababu msimu umegeuka tarehe ishirini na nane nami sikuwa nimeangalia kalenda. Nikaongeza na picha ya zizi langu jipya. Picha inang'aa, maana simu mpya!

Akajibu maneno matatu: "Pole sana mkulima."

Ndizo zikaanza siku tisa.

Siku ya nne nikamtumia pesa, kwa kukopa kwa mwenzangu wa kazini. Ikapokelewa, jibu hamna. Siku ya sita nikampigia bibi. Bibi akaniambia binamu yuko jarubani tangu alfajiri, na yeye mwenyewe bibi, na shangazi, na watoto wote wa nyumba, wanapiga madebe na kurusha mawe kwa teo. Sauti ya madebe niliisikia kwenye simu. Bibi yangu ana miaka themanini na kidogo. Nikakata simu, nikaifuta Stardew. Mashamba matatu, miaka sita ya kucheza, nikafuta.

Siku ya kumi ukaingia ujumbe wa binamu. Ulikuwa na picha: gunia moja limepigwa dole gumba juu yake. Chini yake kaandika kwamba ndege wamekula robo, robo tatu imebaki, na kwamba hiyo sauti yangu ya kulia mazao ya simu amewasikilizisha vijana wote wa kijiweni Ziba na sasa nina jina huko. Jina lenyewe? Bwana Shamba. Miaka ishirini na kitu, bila hata kuambiwa na mtu!

Nilikwenda mwezi wa sita wakati wa kupura. Nilifanya kazi siku mbili, ya tatu mgongo ukakataa. Jioni tukakaa nje, binamu akatoa simu yake iliyopasuka kioo akamwekea bibi Harvest Moon aione. Bibi akaitazama muda mrefu. Akauliza huyu mtoto mbona analima peke yake, hana ndugu? Tukacheka. Akauliza tena mbona anamwagilia mtu mzima na ndoo ndogo vile, kwani mvua za huko hazinyeshi? Binamu akamweleza kwamba zikinyesha hamwagilii. Bibi akaridhika. Kisha akamwona Elli na kusema huyo anafaa, anaonekana msafi.

Kwa wale mnaotaka hukumu ya kununua, maana gazeti hili si la hadithi za bibi pekee: ukitaka moja tu, chukua Stardew. Inalipwa mara moja basi, haikuuzii almasi wala haikukamui kama zile gemu za bure zinazokungojesha masaa ngano iive mpaka ulipie. Matoleo yake yote mapya yametolewa bila nyongeza ya bei, na mnaweza kulima pamoja na wenzako shamba moja. Back to Nature ina picha za kizamani na mvulana peke yake ndiye mchezaji, dada zangu mtanuna. Lakini kama unataka kujua moyo wako umetengenezwa na nini, itafute hiyo, uishi miaka mitatu na uone wanakijiji watakusemaje. Sura hiyo ya pili ya kile kijiji ilitengenezwa upya Japani 2019 kwa jina la Friends of Mineral Town, na humo unaweza kuwa msichana.

Msimu wa 2025/26 ndio wa tatu kwa binamu. Deni la dukani lilibaki kidogo. Novemba nilituma za mbegu tarehe mbili, kabla hajaomba, nikaandika kwenye ujumbe "kutoka kwa Bwana Shamba". Akajibu kesho yake saa kumi na moja alfajiri: mvua ya kwanza imeshuka usiku, maksai mmoja anachechemea, na je, ni kweli katika hiyo Stardew duka la mbegu linafungwa kila Jumatano? Nikamwambia ni kweli.

"Basi hilo naliamini," akasema.